Siku Sungura Alipoganda

Kwa miaka kumi na tisa Bi Chupa aliosha vioo vya maabara ya hospitali, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia "njoo uone" kwenye darubini. Aliambiwa "osha", aliambiwa "pisha", na zaidi ya yote aliambiwa "usiguse". Friji ndogo ya karibu na dirisha ndiyo iliyoongoza kwa "usiguse". Hata kuipangusa vumbi alipangusa kwa nje tu, kama mtu anayempaka mafuta mtoto wa jirani.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya tabia yake. Kila chupa aliyoiosha aliinyanyua kuelekea dirishani, akafumba jicho moja, akaikagua. Akiona hata kivuli cha doa, chupa ilirudi kwenye sinki. Maji ya moto na sabuni kali vilikuwa vimemla ncha za vidole mpaka zikawa laini kama sahani. Mwenyewe alisema akiiba, polisi hawatampata, ila tatizo hakuna cha kuiba.

Aliyekuwa akimjali mle ndani ni mmoja tu, mzee wa makamo waliyemwita Fundi Wembe. Kazi yake ilikuwa kuchukua kipande cha nyama ya mgonjwa, kidogo kama punje ya mahindi, kukigandisha ndani ya nta, kisha kukikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu na kuvilaza juu ya kioo. Siku moja alipokuwa na raha zake alimweleza Bi Chupa mambo, naye akasikiliza huku mikono iko kwenye povu.

"Ndani ya mwili wa mtu kuna mbomozi," alisema. "Kitabuni anaitwa kimeng'enya, ana herufi na namba mbele kama pikipiki. Ukijikata, yeye anakuja kubomoa nyama mbovu ili nyingine ijengwe. Akimaliza anaondoka. Sasa kuna vidonda mbomozi hana habari ya kuondoka. Mafundi wanapandisha ukuta, yeye anashusha."

"Kama shemeji yangu," alisema Bi Chupa.

"Basi huyo. Na kumwona kwa macho huwezi. Ndiyo maana tuna Sungura."

Sungura alikuwa ndani ya kichupa kisichozidi kidole gumba, mlangoni mwa ile friji ya "usiguse". Maji ndani yake yalikuwa kingamwili, dawa ya kupimia iliyotolewa kwenye damu ya sungura huko ilikotengenezwa, na kazi yake maishani ilikuwa moja: kumtafuta mbomozi na kumng'ang'ania. Ukiweka matone yake juu ya kioo, kisha ukaweka rangi, alipo mbomozi panageuka kahawia. Asipokuwepo, kioo kinabaki buluu tupu.

"Na utajuaje kama Sungura hajalala?" aliuliza Bi Chupa, maana hakuwa mjinga, alikosa tu shule ya juu.

Fundi Wembe alicheka akafungua droo, akamwonyesha kipande cha nta chenye doa katikati. Kilikuwa kidonda cha mtu aliyekwisha kufa miaka mingi, kilichojaa mbomozi. Walikiita Marehemu. Kila kipimo kilitakiwa kifanywe pamoja na kipande cha Marehemu pembeni. Marehemu akitoka kahawia, Sungura mzima. Akitoka buluu, usimwamini Sungura hata kidogo. Lakini Marehemu alikuwa amekatwa na kukatwa mpaka amebaki kama sabuni ya mwisho wa mwezi, na mwingine kama yeye hajapatikana. Kwa hiyo Fundi Wembe alikuwa na ubahili wake. Marehemu alimsimamisha shahidi mara moja tu, kila kichupa kipya kilipofunguliwa. Siku nyingine zote alisema, "Mwacheni apumzike."

Sasa, Bi Chupa alikuwa na mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja, na tangu mama yao afariki, nyumba moja. Mdogo mtu alikuwa fundi cherehani, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na mkono wake ulijulikana mtaa mzima. Miaka miwili nyuma pasi ya mkaa ilimwangukia juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kulia. Kidonda kilifunga kikafunguka, kikafunga kikafunguka, mwishoni kikaacha kujisumbua kufunga. Mguu wa kulia ndio wa kukanyagia. Cherehani ilifunikwa shuka, na mdogo mtu akawa anakaa kitandani mguu juu ya mto, ulimi mkali kuliko mkasi.

"Dada, wewe unafanya kazi hospitali miaka ishirini, huwezi hata kuniibia mguu?"

"Iliyopo ni ya wazee. Utaitaka?"

Daktari wa upasuaji ndiye aliyeleta habari ya ngozi. Angeweza kuchukua ngozi ya paja na kuipandikiza juu ya kidonda. Ila alisema wazi, mbele ya wote wawili: "Mbomozi akiwa bado amejaa humo, ngozi italiwa kwa wiki moja. Utabaki na vidonda viwili, na hapo mguu tunaweza kuukosa kabisa. Tupime kwanza." Akakata kipande, siku ya Ijumaa asubuhi, akakipeleka kwa Fundi Wembe.

Ijumaa hiyo hiyo mchana lilibandikwa tangazo ukutani: mafundi wa umeme watatengeneza nyaya za jengo, umeme utakuwa unakatika na kurudi Jumamosi na Jumapili. Watu wa maabara walisoma, wakasema "haya", wakaenda nyumbani. Hakuna aliyekumbuka friji. Bi Chupa alibaki peke yake na vioo vya wiki nzima.

Alipomaliza alisimama mbele ya ile friji, akaiangalia. Ndani yake alikuwamo Sungura, na Sungura ndiye angesema mguu wa mdogo wake utakuwaje. Mwanamke aliyewahi kuweka nyama nyumbani anajua: umeme ukikatika, ya mlangoni ndiyo inayooza kwanza, na iliyo kwenye barafu ndiyo inayookoka. Alifungua. Akachukua kichupa kwa vidole viwili, kama anayeshika yai, akakizika ndani kabisa ya barafu, sehemu ya juu. Jumatatu aliwahi kabla ya wote, akakitoa, akakirudisha mlangoni. Kilikuwa kigumu kama kokoto. Kilipoyeyuka kilionekana vilevile. Alijisikia vizuri sana. Alitamani kumwambia mtu, lakini "usiguse" ilikuwa haijafutwa.

Jumanne Fundi Wembe alikipima kile kipande. Jumatano saa sita mchana alikuja mwenyewe kwenye sinki, amekunja miwani mkononi.

"Bi Chupa, buluu tupu. Mbomozi kaondoka. Mwambie mdogo wako atafute kitambaa cha kushona Ijumaa jioni, maana asubuhi anapandikizwa."

Bi Chupa alikaa juu ya ndoo. Hakulia, hakuwa na tabia hiyo, ila glavu zilimtoka mikononi zenyewe. Halafu, kwa furaha tu, kwa kutaka kuongea, akauliza swali ambalo angelimeza kama angejua.

"Hivi huyu Sungura wenu, akiwekwa kwenye barafu si anakaa vizuri zaidi?"

"Ah wapi! Huyu wetu ameshachanganywa tayari kwa kutumia. Joto la siku mbili atalivumilia, lakini akiganda mara moja anaumia, akiganda na kuyeyuka mara tatu ni maji ya bomba. Imeandikwa kwenye kichupa. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

Mchana huo aliosha chupa moja mara nne.

Nyumbani alimkuta mdogo wake ameketi kwenye cherehani. Shuka lilikuwa limeondolewa, magurudumu yametiwa mafuta, na mguu mbovu ulikuwa juu ya kikanyagio, haukanyagi, umewekwa tu kujizoesha. Habari zilikuwa zimemfikia kwa simu ya daktari.

"Dada, njoo nikupime. Nguo ya kwanza yako. Hilo gauni lako hata panya wamelikataa."

Bi Chupa alisimama katikati ya chumba, mikono imenyooshwa, akapimwa. Kamba ya kupimia ilimzunguka kifuani, na ndani ya kifua hicho maneno yaligonga yakitaka mlango. Akisema, kazi hana. Akisema, Fundi Wembe ataulizwa Marehemu alikuwa wapi, na mzee wa watu amebakiza miezi saba astaafu. Asiposema, labda Sungura hakufa. Labda alizimia tu. Labda kidonda kweli kimepona ndani na nje ndiyo kinachelewa. Mtu akitaka kunyamaza hakosi labda.

"Mbona unahema hivyo? Nakupima, sikunyongi."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawajasema aliyeficha maradhi ya mwenzake anaumbuliwa na nini.

Alhamisi alimsubiri Fundi Wembe mlangoni, saa moja na nusu asubuhi, mkoba bado begani.

"Kaka, Sungura nilimgandisha mimi. Toka Ijumaa hadi Jumatatu. Umeme umekatika na kurudi sijui mara ngapi."

Fundi Wembe alitazama huku na huku kwenye korido. "Nani mwingine anajua?"

"Mungu, na friji."

Alifungua mlango, akavaa koti lake jeupe, akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja, hata kile cha juu asichokifungaga. Kisha akasema bila kumwangalia, "Unajua ukisema hilo wataniuliza nini?"

"Najua."

"Kipande kimoja tu cha Marehemu. Kipande kimoja, ningejua palepale." Akapiga droo teke. "Na wewe! Miaka kumi na tisa! Umeambiwa usiguse kwa lugha gani?"

"Hamkuniambia kwa nini. Mngeniambia kwa nini, nisingegusa."

Mzee angeweza kumwambia aende zake akaoshe vioo vyake. Badala yake alimtoa Marehemu kwenye droo akamkata, na vipande viwili vikaharibika. Alitandaza Marehemu juu ya vioo viwili, na nyama ya mdogo mtu juu ya kingine. Kioo kimoja cha Marehemu alikipa Sungura aliyeganda. Vingine viwili alivipa matone ya kichupa kingine, kipya, kilichokuwa kinakaa kwenye friji ya chumba cha damu, ambako umeme haukuguswa.

Ilichukua karibu kutwa. Saa tisa na nusu Fundi Wembe aliinua uso kutoka kwenye darubini, akasogeza kiti.

"Njoo uone."

Bi Chupa alifumba jicho moja, kama kwenye chupa zake. Kioo cha kwanza, Marehemu na Sungura aliyeganda: buluu, safi, kama anga lisilo na habari. Cha pili, Marehemu na Sungura mzima: kahawia. Kisha cha mdogo wake. Hakuhitaji kuelezwa. Kahawia kila mahali, ukingo mpaka ukingo, kama chai iliyomwagikia kitambaa cheupe.

"Yupo," alisema.

"Amejaa," alisema Fundi Wembe. Akachukua simu, akampigia daktari.

Daktari alifuta upasuaji kabla ya saa kumi. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema wataanza dawa ya kumtuliza mbomozi, miezi mitatu, kisha wapime tena, na Marehemu asimamishwe shahidi kila mara, aishe asiishe. Wiki iliyofuata Fundi Wembe alipata barua na kunyang'anywa ufunguo wa droo. Bi Chupa alitolewa maabara, akapewa ndoo na fagio la maji, korido ya chini. Huko hakuna kioo, ila madirisha, nayo hayaoshwi na mtu wa korido.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Mdogo mtu alimsikiliza hadi mwisho, mguu juu ya mto.

"Kwa hiyo ngozi nilikuwa nimeshapewa, ukaenda kuirudisha."

"Ingeliwa, mdogo wangu."

"Uliiona ikiliwa?"

"Nimemwona anayekula."

"Mimi sijamwona." Akageukia ukutani. "Mimi nimeona dada yangu anafungua friji za watu, halafu ananifungulia kidonda."

Siku tisa hakusema neno lingine. Kipande cha kitambaa cha gauni, kilichokwisha kukatwa mikono na kifua, kilibaki juu ya cherehani, na shuka likarudi juu yake.

Hapo hakuna wa kumshukuru. Ngozi iliyooza mtu angeiona, angelia, angesema ni bora tungesubiri. Ngozi isiyopandikizwa haina harufu. Bi Chupa alilijua hilo, na kulijua hakukumsaidia kitu. Kama asingegusa ile friji, mdogo wake angeambiwa tangu mwanzo asubiri, na angesubiri bila kutia cherehani mafuta. Hilo ndilo aliloamka nalo kila asubuhi kabla hata ya kukumbuka kwamba amehamishiwa korido.

Siku ya kumi alirudi na beseni, maji yenye chumvi na bandeji mpya. Alipiga magoti kando ya kitanda kama kila jioni. Mdogo mtu aliuleta mguu mwenyewe. Bi Chupa alifungua bandeji ya zamani taratibu, mzunguko kwa mzunguko, na kile kipande cha mwisho, kilichokuwa kimegusa nyama, mkono wake ulikinyanyua wenyewe kuelekea dirishani. Akafumba jicho moja.

"Unatafuta nini?" aliuliza mdogo wake.

"Hakuna kitu."

"Basi funga. Kunauma."

Akafunga.