Kibati cha Kumi na Tisa

Nyinyi vijana mnaofika chuoni na kumrushia mlinzi helmeti kama mtu anayerushia mbwa mfupa, tulieni mnisikie. Kazi hiyo niliifanya mimi mpaka magoti yakakataa. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo sitawapambia maneno.

Siku ya kwanza, pale chuoni Busia, nilipewa ufagio, filimbi na ndoo ya chokaa ya kuchorea mistari ya maegesho. Msimamizi wa Ulinzi, mzee aliyetoka jeshini, akanikabidhi vibati. Kibati ni kipande cha bati chenye namba, na kila namba ina viwili: kimoja kinaning'inia kwenye usukani wa pikipiki, kingine anabeba mwenyewe.

"Mama, majina ya watu achana nayo. Shika namba," akaniambia. "Na pikipiki haitoki kwa sababu mtu ana ufunguo. Inatoka ukishaona kibati na kusema, 'Nimekuachilia.' Kama hujasema, bado iko mikononi mwako. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Hata akiwa mtoto wa mkubwa."

Alipostaafu akaja Afisa wa Usafiri, kijana wa tai, akanipeleka tawi la Malaba. Huko maegesho yalikuwa na ua wa michongoma, nyuma yake shamba la mihogo. Mbele ni barabara, na trela zimepanga foleni zikingoja kuvuka mpaka.

Wanafunzi wengi waliniita soja. Mmoja, Wandera, kijana wa kwetu Samia, aliniita kukhu, yaani nyanya. Asubuhi moja akachukua kibati cha kumi na tisa, akaacha pikipiki yake nyuma ya gari la mwalimu.

"Wewe, umefungia mwalimu!" Kufungia ni kuziba gari la mwenzako lisitoke.

"Natoa fotokopi tu hapo ng'ambo ya barabara, kukhu. Nakuja."

Mnaijua hiyo nakuja yetu. Mtu amekupa mgongo, anaenda zake, na bado anasema nakuja.

Jua lilipofika utosini mwalimu akatoka. "Soja, ni nani huyu amenifungia?"

Nikapiga filimbi, nikaita, "Kumi na tisa!"

"Nakuja!" Sauti ilitoka upande wa mihogo.

"Mwambie akimbie," mwalimu akasema. "Mimi si mchungaji wa pikipiki."

Tukangoja. Nikaita tena.

"Nakuja!" Sasa ilikuwa karibu, hapo tu nyuma ya ua, lakini hakuna jani la muhogo lililotikisika. Mwalimu akazunguka ua mwenyewe. Akarudi polepole, akasema hakuna mtu.

Hapo wasichana wawili wakaingia langoni wakilia. Walisema foleni ilisogea asubuhi ile na Wandera akabanwa katikati ya trela mbili. Alikuwa mochari tangu saa hizo.

"Mama, hata wewe ulisikia?" mwalimu akaniuliza.

"Nilisikia."

Akaacha gari lake pale pale, akapanda boda kwenda nyumbani.

Tangu siku hiyo, kila nilipofungua lango asubuhi, pikipiki zilizolala zilikuwa zimelowa umande. Kiti cha ile ya Wandera kilikuwa kikavu, tena na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Niliiegesha ikitazama ua, nikaikuta inatazama barabara. Afisa wa Usafiri akasema ni wezi wanaijaribu.

"Mwizi gani, bosi, anapangusa umande na kuacha pikipiki?"

Kesho yake alianza kupitia lango la jikoni.

Mama yake Wandera alikuja na shemeji yake, aliyeshika kitawi kibichi cha kuchukulia roho ya aliyekufa. Walikuwa wametoka barabarani kumwita kijana wao pale alipoangukia, waende naye nyumbani. Mama alishika kibati kilichotoka mfukoni mwa marehemu.

"Kaburi liko tayari," akasema. "Lakini wazee wamekataa tumlaze akiwa na kitu chake kwa watu. Wanasema hatatulia huko, na sisi hatutatulia."

Shemeji akasukuma pikipiki. Magurudumu hayakuzunguka. Akaangalia gia, akaangalia breki, vyote viko huru. Walinzi wawili wakamsaidia. Ikabaki imesimama kama mwamba. Mama akakaa chini vumbini.

"Kwa nini hutaki, Wandera, baba yangu? Nani amekushika?"

Nikakumbuka maneno ya yule mzee wa jeshi: kama sijasema, bado iko mikononi mwangu. Aliyemshika nilikuwa mimi. Nikamwomba kibati, nikakikutanisha na mwenzake. Namba haikupanda ulimini.

"Wandera," nikasema, "nimekuachilia. Enda na mama yako."

Pikipiki ikasonga yenyewe, shemeji karibu aanguke. Sisi walinzi tukageuza masikio upande wa mihogo. Kimya. Wakaenda, mama akitembea na mkono juu ya kiti.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani karibu na Nangina. Watu huniambia sauti ile ilikuwa upepo tu. Huyo mwalimu ana digrii mbili, na alipanda boda.

Juzi nikawasikia wajukuu wangu wakitoka mlangoni, kila mmoja nakuja, nakuja. Niliwarudisha wote, na mama zao, nikawaambia: "Katika boma hili mtu akitoka aseme 'naenda', na ataje anakoenda. Na mkisikia mtu huko nje anasema 'nakuja', asiitikie yeyote. Nyamazeni nyote mpaka muone uso."