Serikali ya Tatu Itakaa Darajani

Serikali ya tatu ingekaa katikati ya daraja la Malagarasi. Ndivyo nilivyoambiwa, na nikaamini kwa moyo wangu wote, mimi mwenye cheti cha kidato cha nne. Serikali ya kwanza ingekuwa ya Kasulu, ya pili ya Kibondo, na ya tatu ingejengewa kibanda cha mabati pale darajani, ikae na muhuri wake, imuulize kila apitaye anatoka serikali gani, anakwenda serikali gani, na kibali chake kiko wapi.

Aliyeniletea habari hiyo ni dereva mmoja wa bodaboda, mtu wa safari za Kibondo, aliyekuja kuzibiwa pancha kwenye kibanda changu sokoni Kasulu. Ilikuwa miaka ile rasimu ya katiba mpya imetoka na redio zote zinaimba wimbo mmoja: serikali mbili, serikali tatu, muungano, shirikisho. Hata mbuzi wa Kasulu, ungewapa kipaza sauti, wangekuwa na msimamo.

"Fundi, wewe si msomi?" akaniuliza. "Shirikisho unalijua?"

"Nilijue? Somo la Uraia nina B!"

"Basi B yako ikusaidie. Siku hiyo katiba ikipita, kila mtu ni raia wa pale alipoamkia. Umeamkia Kibondo, wa Kibondo. Umeamkia Kasulu, wa Kasulu. Na hawa wenye uraia wa cheti," akashusha sauti, "wanaanza upya. Serikali iliyowapa si itakuwa haipo tena?"

Spana ikaniponyoka, ikaanguka kwenye beseni la maji.

Mama mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu, alikuwa na uraia wa cheti. Aliingia nchi hii akiwa msichana mdogo, amebebeshwa mdogo wake mgongoni, wakitokea Burundi. Akakulia huku, akaolewa huku, akalima huku, na baada ya kungoja miaka ambayo mti wa mparachichi unaota na kuzeeka, akapewa karatasi inayosema ni Mtanzania. Alikuwa akiishi peke yake kijijini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mji wa Kibondo. Sisi tuko Kasulu. Katikati yetu, Malagarasi. Na juu ya Malagarasi, kwa mujibu wa dereva wangu, serikali ya tatu na muhuri wake.

Utaniuliza niliwezaje kuamini. Nilisoma masomo ya jioni, siku tatu kwa wiki, kwenye madawati ya watoto, magoti yakinigonga kidevu, na mwalimu ana umri wa kuwa mwanangu. Maana ya shirikisho niliikariri huku napiga pampu matairi: mfumo wa utawala ambamo madaraka hugawanywa kikatiba kati ya serikali kuu na serikali za majimbo. Ungeniamsha usingizini ningekumwagia yote bila kuacha nukta. Lakini sisi tumekulia jirani na makambi ya wakimbizi. Tumeona mtu akiomba kibali ili aende sokoni, na kurudi kabla saa haijapita. Mtu wa kwetu ukimwambia madaraka yamegawanywa, haoni ofisi. Anaona geti.

Siku tatu sikukaa. Nilifunga gurudumu la mbele nyuma, nikamrudishia mteja baiskeli isiyo na breki, nikasimama, nikaketi, nikaenda stendi kuuliza kama mabasi ya Kibondo bado yanavuka. Nyumbani nilizunguka uani mpaka kuku wakaanza kunifuata wakidhani nina pumba.

"Kaa chini basi," mke wangu akasema. "Au nenda ukamuulize mtu anayejua."

"Nimuulize nani? Msomi wa mtaa huu si ndiye mimi?"

"Kwa hiyo mama atanyang'anywa cheti?"

"Akivuka kabla katiba haijapita, tutaanza naye upya huku huku, sote pamoja. Akibaki kule, ataanza peke yake."

Nilivyolitamka kisomi, hata mimi likanitisha. Mke wangu akanipa kanga mpya ya kumpelekea mama yake, akaniambia, "Nenda kesho."

Nikapanda basi la asubuhi. Tulipofika Malagarasi nilitoa kichwa dirishani nitafute kibanda cha mabati. Sikukiona. Nikajisemea: wajanja hawa, wanasubiri ipite kwanza.

Nilimkuta mama mkwe uani kwake anapepeta mtama, na chungu cha maharage kiko jikoni kinachemka. Kwa desturi yetu, mkwe na mama mkwe hawakai kiti kimoja, hawagusani, na chumba chake siingii hata nyumba ikishika moto. Kwa hiyo nikasimama mbali, karibu na migomba, nikatoa hotuba yangu kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Nikazitaja serikali zote tatu. Nikalitaja daraja. Nikakitaja cheti. Nilikuwa nimeandaa majibu kumi na mawili ya pingamizi zake, maana mama yule ni mbishi. Aliwahi kubishana na padri juu ya urefu wa Kwaresima.

Hakubisha. Aliweka ungo chini.

"Tunaondoka lini, mkwe wangu?"

"Hata leo, mabukwe," nikamjibu, nikimwita mama mkwe kwa Kiha.

"Egome," akasema, yaani sawa, akaingia ndani.

Nilibaki pale kwenye migomba na majibu yangu kumi na mawili. Nilichoweza kufanya ni kusikiliza. Nikasikia masufuria yakiingizwa moja ndani ya jingine. Nikasikia kitambaa kikifungwa fundo. Kisha nikasikia ko, ko, ko, chuma juu ya jiwe, na sikujua ni nini mpaka alipotoka na jembe lisilo na mpini.

"Mpini unakatwa popote," akanieleza, kama mtu anayemfundisha mgeni. "Chuma ndicho hakipatikani."

Maharage yalikuwa hayajaiva na yeye alikuwa amemaliza. Nimeshawahi kuona watu wakijiandaa na safari. Mke wangu hufungasha siku mbili kwa ajili ya harusi ya Buhigwe. Huyu mama alifunga maisha yake yote kabla chungu hakijaiva. Mbegu za maharage kwenye kitambaa. Cheti ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya Biblia, Biblia kifuani. Kuku na chungu akampa jirani. Moto akaumwagia maji, akasimama mpaka moshi ukaisha.

Furaha yangu yote ya kuwa mwokozi ilinitoka. Nikasema, "Mabukwe, hata kesho kuna basi."

"Hapana. Nikilala nitaanza kuiangalia nyumba."

Akatangulia. Mimi nikafuata hatua ishirini nyuma na mzigo kichwani, uzito wa tembo mwenye mimba. Hakugeuka nyuma. Njiani alisema neno moja tu, bila kunitazama: kwamba mdogo wake, yule aliyembeba mgongoni, baadaye aliishia kambi ya Mtabila, na kambi ilipofungwa akarudishwa Burundi. "Yeye hakuwa na karatasi," alisema. "Mimi nilidhani mwenye karatasi hahamishwi."

Mjini Kibondo, karibu na stendi, kamba ya mzigo ikakatika na masufuria yakamwagika barabarani. Nikakimbilia duka la jirani kununua kamba. Mwenye duka ni mzee wa Kipemba, muuza vitenge na ndoo, amekaa Kibondo mpaka anasalimia kwa Kiha. Alitazama masufuria, akamtazama mama, akalitazama lile jembe.

"Mnahama? Kuna msiba?"

"Katiba, mzee," nikamwambia, na nikamweleza yote: serikali tatu, daraja, cheti. Nilimaliza na B yangu, ili ajue anaongea na nani.

Yule mzee hakucheka. Afadhali angecheka.

"Khaa! Mwenye B," akasema, "mimi nimezaliwa wapi?"

"Pemba."

"Kule kuna nini?"

"Karafuu."

"Kuna serikali, bwana wee! Ina rais wake, baraza lake, katiba yake. Sasa hivi, leo hii, kabla ya hiyo yenu haijapita. Na mimi nimekaa hapa Kibondo nauza ndoo. Umeona darajani kuna mtu ananidai kibali?"

Mama mkwe akasogea mlangoni. "Baba, na hii?" akauliza, akiigusa Biblia kifuani. "Aliyenipa akiondoka?"

Mzee akavuta kigoda nje, akakifuta, akampa akae. Mimi nikarudi nyuma, desturi ni desturi. Hotuba yangu ilichukua nusu saa. Jibu lake lilikwisha hata kabla hajamaliza kupima kamba.

"Hizo tatu wanazozisema, mama, ni moja ya Zanzibar, moja ya Bara nzima, na moja ya Muungano juu ya wote. Kasulu na Kibondo ni wilaya tu, hazimo. Shirikisho haligawi watu, linagawa kazi. Ile ya Muungano inashika jeshi, inashika sarafu, inashika uraia. Hizo nyingine zinashika shule, zahanati, mashamba. Cheti chako hukupewa na Kibondo, umepewa na Jamhuri ya Muungano, na hiyo haiendi popote, ziwe mbili, ziwe tatu. Na haki ya raia kukaa anapotaka ndani ya nchi imeandikwa kwenye katiba, ya leo inayo na rasimu inayo. Wanaiandika humo makusudi, ili serikali isiamke siku moja ikakuhamisha kwa kuwa imejisikia."

"Na ikijisikia?"

"Unakwenda mahakamani, unaishitaki."

"Mimi? Niishitaki serikali?"

"Wewe, mama. Ni raia."

Mama mkwe akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake akanitazama usoni moja kwa moja. Niliomba ardhi inimeze pamoja na cheti changu.

Mzee alikuwa amekwisha kunikatia kamba. Akaniwekea mkononi, akainama kwenye sikio langu.

"Mwanangu, mpaka haukuongezeka hata mmoja. Mrudishe mama kwake, na njiani umkatie mpini."