Trela Niliyoivuta kutoka Kakuma

Wewe unayenisikiliza, kama una pikapu na kuna mtu amekuambia ana trela ya kukuuzia, usiwashe gari kwanza. Nipe masikio nikueleze safari tuliyoifanya mwanzoni mwa mwaka 2013, kutoka Lodwar hadi Kakuma na kurudi, kufuata nyumba yenye magurudumu mawili. Nitakwenda polepole. Kabla ya kuingia kwenye biashara ya samaki nilifundisha darasa la sita, na tabia ya kurudia jambo mpaka lieleweke haijanitoka.

Sababu ya safari ilikuwa usingizi. Nilikuwa nanunua samaki wakavu Longech, pale ziwani karibu na Kalokol, na kuwapeleka Kakuma, ambako Wakongo wa kambi ya wakimbizi huwapenda kuliko nyama. Samaki hawakusanywi kwa siku moja, kwa hiyo nililala kwenye kiti cha pikapu, miguu nje ya mlango, mchanga ukiingia masikioni. Ndipo mteja wangu mmoja wa Kakuma, fundi cherehani kutoka Bukavu anayeitwa Baba Esperance, akanipigia simu. Alikuwa na trela ya kulala, yenye kitanda, dirisha na mlango wa kufunga. Kampuni ya ujenzi wa barabara ilikuwa imeiacha, ikapita mikono miwili mitatu, ikamfikia yeye. Akanitajia bei.

Bei ile ndiyo iliyoniharibia furaha. Ilikuwa ndogo mno. Kitu kizima hakiuzwi hivyo Kakuma, mahali ambapo hata mfuko mtupu wa unga una mnunuzi. Na pikapu yangu ndiyo iliyokuwa kazi yetu yote. Akina mama wa Longech waliokausha samaki waliitegemea. Ikilala gereji wiki mbili, samaki wao huingia wadudu na mimi napoteza wateja. Nikajiambia kwamba sitaivunja mgongo kwa ajili ya godoro.

Lodwar, siku moja kabla ya kuondoka, nilitoa kitabu cha maelekezo ya gari nikakaa na dereva wangu, Ekai, mtu mzima wa Kiturkana ambaye ameendesha malori kabla ya kunivumilia mimi. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Gari huwa na uwezo wa namna tatu, na watu huuliza mmoja tu. Wa kwanza ni wa kuvuta: pikapu yangu iliruhusiwa kilo elfu moja na mia tano. Lakini hiyo ni kwa trela yenye breki zake yenyewe. Trela isiyo na breki, kitabu kiliniruhusu kilo mia saba na hamsini tu, kwa sababu uwezo wa pili ni wa kusimama, na breki za gari moja haziwezi kusimamisha magari mawili. Uwezo wa tatu ni wa kubeba. Trela hukandamiza ndoano ya gari kwa mdomo wake, yaani chuma cha mbele kinachoungwa na gari, na uzito huo wa mdomo huhesabiwa kama mzigo uliopakia ndani. Ukiwa umejaza magunia, umeshaila nafasi yake.

Ekai alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama tunaenda kununua trela ama kufanya mtihani. Kisha akasema lililokuwa moyoni mwake.

"Mama, kitu ya Kakuma ikikuja bei rahisi, mwenyewe anakuja nyuma yake."

Tulitoka Lodwar asubuhi, pikapu ikiwa na samaki kidogo tu. Kila shimo nililipima kwa jicho la kurudi: hapa trela itadunda, pale lami imemegwa ukingoni na gurudumu la trela litaning'inia. Kwenye laga, yaani mito ya mchanga isiyo na maji ila mvua inaponyesha, nilishuka kuona kama mchanga ni mgumu. Ekai alizima injini na kunitazama kama mtu anayesubiri mtoto amalize kucheza. Kwenye kizuizi cha polisi barabarani askari alituuliza tunafuata nini. Nilipomwambia nyumba, alitutazama sote wawili, akauliza tena, polepole, kama mtu anayempa mwongo nafasi ya pili.

Adhuhuri tuliingia Kakuma. Trela ilikuwa nyuma ya kanisa la Wakongo, rangi nyeupe iliyopigwa na jua mpaka ikawa ya siagi, na ndani Baba Esperance alikuwa ameweka cherehani. Mama Esperance alitupikia sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na samaki niliyemletea. Walinikaribisha vizuri kiasi kwamba nilizidi kuogopa. Nilikula huku nikiangalia kibati cha uzito, kile ambacho hupigiliwa karibu na mlango kikionyesha trela ina kilo ngapi. Hakikuwapo. Yalibaki matundu manne ya misumari.

Niliuliza. Baba Esperance akamtazama mkewe. Mama Esperance akacheka, akaingia jikoni, akarudi na beseni la kufulia lililozibwa kitako. Kiraka kilikuwa kibati chenyewe, kimegongwa kwa nyundo mpaka namba zote zikalala. Sikujua kama nicheke naye au nipande gari nirudi. Trela iliyofutwa uzito wake na watu wanaouza kwa haraka. Wewe ungefikiri nini?

Nikasema siinunui mpaka tuipime. Kakuma hapakuwa na mizani ya malori, lakini Msomali mmoja wa duka la jumla alikuwa na mizani ya chini ya kupimia magunia. Alikataa kwanza.

"Hapa napima sukari, mama, sipimi manyumba."

Nilimweleza kwamba haitapanda nyumba nzima, bali gurudumu moja kwa wakati, na udadisi ukamshinda. Fuata hapa, kwa sababu unaweza kufanya hivi popote. Tulipandisha gurudumu la kushoto juu ya mizani, la kulia tukaliwekea mbao za kimo kile kile ili trela isiinamie upande mmoja. Tukasoma. Tukabadilisha. Mwisho tukaushusha mdomo wa trela juu ya gogo lililosimama kwenye mizani, kwa urefu ule ule wa ndoano ya gari. Ukijumlisha mara hizo tatu ndio uzito wote. Yetu ilifika kilo mia nane na sitini, na mdomo peke yake ulikandamiza kilo themanini na kitu. Hayo yalikuwa mazuri. Mdomo unatakiwa uchukue karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote.

Lakini mia nane na sitini ilizidi kile ambacho gari langu lingeruhusiwa kuvuta bila breki, na breki za trela zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Fundi wa jirani alipiga gurudumu teke, akasema breki ziko sawa kabisa. Nikamwambia alifungue. Likafunguliwa, ndani mlikuwa na kutu na kiota cha nyigu. Baba Esperance, ambaye alikuwa amevumilia mchana wote, akaweka mikono kiunoni.

"Mama ya samaki, unatafuta kasoro juu bei ishuke, njo vile? Sema tu."

Nilimwambia bei aiache pale pale, ila breki zitengenezwe nikiona kwa macho yangu. Hakuniamini, nami sikumwamini, na tulikaa jioni yote kwenye mabenchi mawili tukimwangalia fundi, kila mmoja akimlinda mwenzake. Breki zilipokubali, tulizungusha trela mpaka kwenye kingo za mto Tarach na kurudi. Ilifuata gari kwa upole, bila kuyumba. Tukapeana mikono. Akaniomba alale nayo usiku mmoja zaidi ili atoe cherehani zake, nikakubali, na shaka ikarudi palepale: kwa nini usiku mmoja zaidi?

Asubuhi ya kuondoka trela ilikuwa imeshafungwa, pazia limeshushwa, na watu wa kanisa wamejaa uani. Kuna aliyetuombea kwa Kiswahili, mwingine kwa Kifaransa. Baba Esperance alinikabidhi ufunguo akatabasamu. Nilitaka kufungua mlango nitazame, lakini watu walikuwa wameanza kuimba, na kumpekua mtu katikati ya wimbo ni jambo gumu. Tukafunga mnyororo, tukaondoka.

Nje kidogo ya Kakuma, milima ya Pelekech ikiwa bado inaonekana nyuma, Ekai alishusha kioo akasikiliza gari. 

"Hii si ile ya jana," akasema.

Nilikuwa nimeona pia. Kwenye vioo, trela ilikuwa inatikisa mkia, kushoto, kulia, kila mara zaidi kidogo, na mwendo ukiongezeka ilivuta matako ya gari nayo. Ekai alitaka kukanyaga breki. Nilimwambia aache mafuta tu, ashike usukani sawa, gari lipungue lenyewe. Kumbuka hilo: trela ikianza kuyumba, breki za ghafla huikunja kama kisu. Tulipishana na lori moja tukiwa bado tunayumba, na niliona uso wa dereva wake kwa karibu kuliko nilivyopenda. Kisha tukasimama.

Sikushuka mara moja. Mbele yetu, si mbali, kilikuwa kile kizuizi, na askari yule mwenye maswali ya kurudia. Nikapanga vipande: bei ndogo, kibati kilichogongwa, usiku mmoja wa nyongeza, pazia lililoshushwa. Kuna kitu kimepakiwa, na mimi ndiye ninayekivusha. Nilimwambia Ekai kwamba ikiwa ni bunduki au ni bangi, tunageuza sasa hivi na kumrudishia nyumba yake mlangoni. Ekai alisema bunduki haingekuwa nzito hivyo, labda zikiwa nyingi, na hilo halikunisaidia.

Nikafungua. Kitanda, pazia, harufu ya mafuta ya cherehani. Nyuma kabisa, chini ya benchi, mitungi minne ya lita ishirini imepangwa, imefungwa kwa vitambaa vya rangi ili isigongane. Nilifungua kifuniko cha kwanza nikanusa. Nikaonja. Ilikuwa maji. Ekai akapiga tangi la maji lililo chini ya sakafu ya nyuma, ambalo jana lilitoa sauti ya debe tupu. Halikutoa sauti yoyote. Lilikuwa limejaa mpaka kooni.

Nilipanda juu ya bodi ya pikapu ambako simu ilishika, nikampigia Baba Esperance. Nilianza kwa ukali.

"Mama, ile njia haina maji," akasema, akinishangaa. "Watu ya kanisa balipanga foleni kwa bomba, kila nyumba ikatoa mtungi yake. Ningekuachaje uende na tangi kavu?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia, ungepeleka na maji kwa mizani."

Nilishukuru nikakata simu. Ndivyo ningefanya, na ndivyo ilivyopasa. Sikiliza tatizo lilivyokuwa. Uzito wote haukuzidi uwezo wa gari. Ungeongeza maji yote bado tulikuwa chini ya elfu moja na mia tano. Kosa lilikuwa mahali ulipokaa. Muulize mbeba maji wa mkokoteni: mitungi ikijaa nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni inapaa na mwenyewe ananing'inia. Mdomo wa trela yetu ulikuwa umepaa hivyo. Haukukandamiza tena ndoano, na mkia ukapata uhuru wa kucheza.

Mitungi tuliihamishia kwenye pikapu, mbele kabisa, nyuma ya viti. Tangi ilibidi limwagwe, na hapo ndipo nilipokwama. Kumwaga maji chini Turkana, maji ambayo watu waliyasimamia foleni, mkono unakataa. Akina mama watatu waliokuwa wakichunga mbuzi walikuwa wameshasogea wakituangalia. Ekai akawasalimu kwa Kiturkana, "ejok", akaeleza tunatoa maji. Hawakuja. Mmoja akauliza tunataka nini, kupiga picha ama kuandika majina. Ekai akasema hatutaki kitu. Hilo likawatisha zaidi. Mwenye umri mkubwa akanyoosha kibuyu kwa mbali, akasema dereva anywe kwanza, kisha mimi. Tulikunywa, na wao wakatuchungulia usoni kwa muda mrefu, kama mimi nilivyomchungulia Baba Esperance. Ndipo wakaleta vyombo vyote, na mbuzi wakapata mabaki.

Kizuizini askari alikagua trela nzima, akakuta kitanda. Alionekana kuvunjika moyo.

Jioni tuliingia Lodwar na trela ikifuata kwa adabu, na wiki ile ile ikafika Longech, ambako nililala juu ya godoro, mlango umefungwa. Nilipopeleka samaki Kakuma tena, nilichora mkokoteni mchangani uani kwa Baba Esperance nikamweleza mdomo na mkia. Alielewa upesi, kisha akaniuliza kama maji yalikuwa matamu. Nilimwambia yalikuwa matamu sana.

Nilichojifunza ni kwamba kipimo cha jana ni cha trela ya jana. Kwa hiyo fanya hivi. Asubuhi ya kuondoka, hata kama watu wanaimba, fungua mlango, tazama chini ya kila benchi, gonga kila tangi, hamishia mizigo mizito mbele ya ekseli, kisha upime mdomo tena kabla ya kufunga mnyororo.