Mandazi Niliyowaandalia Wageni

Kiwanda cha nguo kilipotupunguza kazini, kanisa letu pale Makadara lilianza kutupa unga na mafuta ya kupikia kila mwisho wa mwezi. Sharti lilikuwa moja: uwe huna kazi wala biashara. Nilikuwa na mtoto wa kunyonya, na baba yake alishahama bila kuaga. Unga ule ndio tuliokuwa tunakula.

Lakini nani anakaa tu akingoja unga? Nikaanza kukaanga mandazi na kuwauzia mafundi wa mjengo asubuhi. Mara nyingi nilirudi na karibu yote. Nilichopata kilinunua mafuta ya taa ya jiko la kukaangia tena, basi. Hiyo nayo ni biashara? Nilijiambia ikisimama imara, nitawaambia kanisani.

Jioni moja, nimekaanga ya kesho mapema kwa sababu mtoto alikuwa na homa, nikasikia hodi. Kina mama wawili wa kamati ya kanisa, rika la mama yangu, watu wa kwetu magharibi.

"Tumekuja kukuona, binti yetu."

Kunikagua, waseme tu. Karai la mandazi lilikuwa chini ya kitanda, limefunikwa leso. Wangeondoka bila kujua. Lakini kwetu mgeni akitoka kwako bila kula, anayesemwa ni mama yako aliyekulea. Nikachemsha chai. Sasa chai tupu, kweli? Mkono ukaenda wenyewe chini ya kitanda.

Walikula!

"Laini hivi! Umetia iliki?"

"Nimetia, mama."

Mkubwa wao akainama, akachungulia uvunguni. "Na hayo mengine yote ni ya nani, mwanangu? Ya huyu asiye na meno?"

Mwenzake akacheka. Uso ukaniwaka.

"Mama, hata faida sijaona..."

"Usituone watoto. Mungu ameshakufungulia mlango. Unga tutampa mwenye shida."

Wakasimama kuomba. Wakamshukuru Mungu kwa biashara yangu, na makombo bado midomoni. Nikasema amina. Kisha wakataka kidogo ya wajukuu, nami nikawafungia yote yaliyobaki kwenye gazeti, nikawapa kwa mikono miwili, nikawasindikiza hadi barabarani.

"Asanteni kwa kuja," nikawaambia.

Unga ningeusahau. Hiyo asanteni ndiyo inanichoma mpaka leo. Asubuhi sikwenda mjengo. Nilikuwa na karai tupu, na kule nyuma ya pazia nilisikia mafundi wakipita, wakimuuliza jirani kama yule mama wa mandazi ameacha.