Mlango wa Goti

Kwa miaka arobaini Sagyn ndiye aliyekata nyama ya karamu kijijini kwao, milimani juu ya mji wa Naryn, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuvunja mfupa hata mmoja. Kule kondoo wa sherehe hapigwi shoka. Hufunguliwa kwenye viungo, kwa sababu kila mgeni ana mfupa wake kulingana na umri na heshima, na nyonga ni ya mwanamume mzee kuliko wote. Ukimwandalia mtu mfupa uliopasuka, umemtukana yeye na ukoo wake. Sagyn alikuwa akipiga magoti kwenye ngozi, anapitisha kisu mara moja tu, na paja linaachana na muundi bila kelele. Mwenyewe alikula mwisho, tena amesimama, shingo iliyobaki, huku akiapa kuwa shingo ndiyo tamu. Mwongo mkubwa, lakini mwongo wa kupendeza.

Theluji ilipoanza kuyeyuka mwaka ule, alikuwa akimburura kondoo dume zizini. Buti likanasa topeni, mwili ukageuka, goti likalia tak. Kesho yake lilikuwa limevimba kama mkate. Baadaye likazua kituko kingine: likikunjwa linakwama katikati, halinyooki, mpaka alitikise kama mtu anayemfukuza mbwa. Burulcha, mkewe, alimkanda kwa mafuta ya melesi, yule mnyama wa mashimoni, na kumsihi aende zahanati. Sagyn akakataa.

"Sikio la kufa halisikii dawa, mzee wangu," Burulcha akamwambia. "Na arusi ya Nazik imebakiza wiki tatu tu."

Hapo alimgusa penyewe. Nazik alikuwa mjukuu wake wa kwanza. Sagyn asipoweza kupiga magoti, nyama ya arusi ingekatwa na baba wa bibi arusi, mkwe wao Almaz, dereva wa lori, mtu mwenye moyo wa dhahabu na shoka mkononi. Sagyn alimpenda sana Almaz, ila si karibu na nyama.

Basi akaenda. Daktari alikuwa Aizirek, binti wa jirani. Utotoni alipoteguka kifundo cha mguu, Sagyn huyu huyu ndiye aliyemfunga kitambaa na kumnyamazisha kwa pipi. Alilikunja goti la mzee, akauzungusha unyayo taratibu, na mzee akauma ndevu zake.

"Babu, humu ndani kuna vipande viwili vya gegedu, kila kimoja kimejipinda kama mwezi mwandamo," Aizirek alisema. "Ndiyo mito ya mfupa. Kimoja kimechanika, na kipande chake kinaingia katikati kama kijiwe mlangoni. Mambo ya kuchuchumaa na kupiga magoti, sasa basi tena."

"Binti yangu, nilikuwa nafungua magoti ya kondoo kabla mama yako hajaolewa. Sijaona mto hata mmoja."

"Utauonaje, babu, wakati kisu chako kinapita kabla jicho halijafika?"

Alirudi nyumbani amenuna. Akachukua mguu wa kondoo uliokuwa ukingoja sufuria, akaketi mezani, akalifungua goti polepole, kwa mara ya kwanza maishani. Aliitenga pia ya goti, akazikata kano za pembeni, halafu mbili zilizopishana katikati. Kumbe ilikuwepo. Miezi miwili myeupe, laini, inateleza. Sagyn alikaa pale mpaka Burulcha akauliza kama nyama itapikwa leo au mwakani. Mzee aliona aibu, na pia alilionea huruma goti lake, lililombeba miaka yote hiyo bila yeye kulijua.

Kesho yake akamwita Almaz na kumnyang'anya shoka. Yeye akakalia kigoda cha kukamulia, mguu umenyooshwa, mkwe akapiga magoti kwenye ngozi.

"Usibomoe ukuta," alimwambia kila siku. "Chezesha mguu, sikiliza kwa kidole. Kila kiungo kina mlango."

Almaz alitokwa jasho kuliko kwenye matope ya barabara ya bondeni.

Siku ya arusi Sagyn alikaa kigodani nje mpaka kondoo wa mwisho akaisha, kisha wakamwingiza ndani na kumketisha kwenye kiti, mbali na mlango, upande wa heshima. Almaz akagawa mifupa. Alipofika kwa baba mkwe, akamwekea nyonga.

"Umekosea," Sagyn akanong'ona. "Hii ya mzee kuliko wote."

"Ni nani, baba?"

Sagyn akatazama huku na huku kumtafuta. Wote aliowakatia nyonga miaka ile walikuwa wamekwisha kuzikwa, naye alikuwa bize na kisu, hakuhesabu. Machozi yakamlenga. Akaugeuza mfupa, akapitisha kidole kwenye kikombe chake, pale kichwa cha paja kilipokuwa kimekaa. Ulikuwa laini pande zote, bila ufa.

"Umeupata mlango," alimwambia Almaz, akaanza kula.