Ushuhuda Uliomtangulia Mtu

Zamani fundi baiskeli wa mtaa wetu aliitwa Pilipili. Mteja akilalamika kwamba breki haishiki, alirushiwa baiskeli yake barabarani. Mdogo wake, aliyefanya naye kazi katika kibanda kimoja cha mabati, alivumilia miaka mitatu, kisha akatia vifaa vyake kwenye gunia.

"Kaka, nakupenda," alimwambia, "ila nitakupenda vizuri zaidi nikiwa mbali." Akaenda kufungua kazi yake upande wa pili wa mji.

Baadaye Pilipili akaokoka. Aliokoka kweli, machozi yale hayakuwa ya kuazima. Lakini kanisani kwetu ilikuwapo desturi, na bado ipo: aliyeokoka husimamishwa mbele juma hilohilo aseme alichokiacha. Kusema "naanza kuacha" kulionekana uvuguvugu. Basi akasimama Alhamisi, akasema, "Hasira imekufa. Nimeizika mwenyewe." Tukapiga makofi. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa nia njema na haraka nyingi, akampelekea habari yule mdogo wake: "Rudi kwa kaka yako. Yule uliyemkimbia hayupo tena."

Mdogo mtu akarudi Jumatatu. Jumamosi alikaza mnyororo kupita kiasi, ukakatika mbele ya mwenye baiskeli. Spana ilitoka mkononi mwa kaka kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba amekasirika. Ikampata mdogo wake jicho la kushoto. Jicho hilo halikuona tena.

Wapo waliosema hakuwa ameokoka. Wengine wakamtaja shetani, ambaye kwetu amezoea kubebeshwa kazi za mikono yetu. Ukweli ni mfupi na mchungu: mbegu iliota Alhamisi, nasi tukamwita mtu aje apumzike kivulini Jumatatu.

Tangu siku hiyo fundi alitaka jambo moja tu hapa duniani, mdogo wake amsamehe. Kila mwaka alikwenda kwake, akasimama mlangoni. Kila mwaka mke wa mdogo wake alitoka, akamwambia kwa adabu, "Shemeji, hajasema uingie."

Kati ya safari hizo alikuwa anakua, polepole, kiasi cha kukatisha tamaa. Mwaka wa kwanza mikono iliacha kurusha vitu, mdomo ukaendelea. Mkewe alimpima jioni: "Leo umetukana watu wawili tu, baba. Juzi walikuwa watano. Tutafika, tukijaliwa umri." Akajifunza, masikio yakianza kuwaka, kuweka kifaa chini kabla ya kujibu. Wateja nao wakajua: fundi akiweka spana chini, subiri. Mwaka wa nne aliomba radhi kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayetoa amri. Mwaka wa saba alianguka vibaya. Alimkaba jirani kwa sababu ya maji machafu, na alfajiri akawa mlangoni kwake kuungama kabla hajafungua kibanda. Karibu mwaka wa kumi na mbili aligundua kwamba hasira humjia, humkuta ana kazi, huondoka. Hakumwambia mtu. Aliogopa hata kulitamka.

Mwaka huu, wa kumi na tisa, shemeji yake alitoka akasema, "Leo kasema uingie."

Mdogo wake alikuwa amekaa ameelekeza jicho zima mlangoni.

"Kaa. Wanasema umekuwa mpole."

"Wanasema tu, mdogo wangu."

"Ngoja tuone. Pilipili ukiiloweka kwenye maji ya ubatizo, inabaki pilipili." Akaanza. Alimwita muuaji aliyekosea shabaha. Alisema hata mke wa fundi anamwogopa mumewe hadi leo, na kwamba sala za fundi ni blanketi la kufunikia jicho alilolipofua. Akamtaja na marehemu mama yao, kwamba alikufa kwa kuona haya. Masikio ya fundi yaliwaka. Mikono ilibaki magotini.

"Nilikukosea," alisema mwishowe. "Sina la kujitetea."

Mdogo wake akacheka kidogo. "Kumbe unaweza. Ningekuona umesimama kunipiga, ningesema ndivyo alivyoumbwa, nikusamehe yaishe. Sasa nimeona unaweza."

"Siku ile sikuweza. Imenichukua miaka yote hii."

"Ndivyo ungeniambia tangu mwanzo! Ulisema imekufa. Ungesema inaumwa tu, ningekaa mbali na kitanda chake." Kisha, kwa sauti ya chini: "Nenda. Njoo tena mwezi ujao. Sijasema nimekusamehe. Nimesema njoo."

Fundi alimsimulia mkewe peke yake. Mkewe, kwa furaha, akamnong'oneza mke wa mzee yuleyule wa kanisa. Jumapili mzee akasimama mbele ya kanisa zima akatangaza kwamba ndugu wawili wamepatana. Tukapiga makofi. Fundi aliinuka makofi yakiwa bado yanalia, akapanda baiskeli, akavuka mji.

Simu zilikuwa zimemtangulia. Shemeji yake hakufungua mlango wote.

"Anasema mmeshamsamehesha bila yeye. Anasema usirudi."

"Mwambie si mimi niliyetangaza."

"Nitamwambia, shemeji. Lakini ninyi wa kanisani huwa mnasema tu."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa mzee wa kanisa. Alisimama uani, akaificha mikono nyuma. "Mzee," alisema taratibu, "Alhamisi tangaza kwamba haikuwa kweli."

"Tutawavunja watu moyo, fundi. Subiri, Bwana atalitimiza."

Fundi alimuaga, akaondoka.

Alhamisi jambo hilo lilifika katika kikao chetu cha wazee. Tulilizungumza kwa upole, tukaomba, tukakubaliana kwamba halina haja ya kutangazwa.