Fundi Zubery na Gari Lililogoma Alfajiri

Fundi Zubery wa Mwanjelwa hakuwa na haraka na gari la mtu. Waliomletea magari yaliyokataa kuwaka walitaka ashike spana papo hapo, lakini yeye kwanza alijifuta mikono, akavua kofia yake ya viua aliyoshonewa na mama yake, Mwanakhamisi, akaitundika kwenye msumari mbali na grisi, ndipo akauliza: "Limelala wapi?"

Wengine walimwona ana maneno mengi. Lakini huyu alijifunza kazi Iringa kwa Singasinga mmoja mkali, kisha akaendesha malori ya jeshi kule Burma, kwenye tope la magotini. Alijua kwamba gari likigoma asubuhi, sababu yake imeingia usiku. Aliamini pia kwamba hakuna gari ambalo lingemficha kitu, na hapo ndipo shetani alipopata nafasi.

Mwaka wa hamsini na sita, kwenye baridi ya Juni, alikuja Anania, mkulima wa kilimani upande wa Uporoto. Alikuwa na pikapu kuukuu iliyobaki baada ya vita. Ili aipate aliuza ng'ombe wanne, na wazee wa ukoo walimnunia mwaka mzima. Kila siku alipeleka mjini maziwa ya ng'ombe tisa waliobaki, kwenye hoteli ya wasafiri, na yalitakiwa yafike kabla ya saa moja. Sasa pikapu ilikuwa haiwaki alfajiri. Majirani waliisukuma mteremko mzima ndipo ikakohoa na kuwaka. Alikwisha kuchelewa mara mbili, na mwenye hoteli alikuwa amemwambia kwamba akichelewa mara ya tatu, maziwa yatanunuliwa kwa mwingine.

"Limelala wapi?" Zubery akauliza.

"Ndani, mzee fundi. Haijawahi kulala nje hata siku moja."

Zubery akaridhika. Akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akakaza nyaya za betri. Kisha akalibakiza gari uani kwake siku mbili, maziwa yakabebwa na lori la jirani. Asubuhi zote mbili umande uliganda juu ya boneti kama chumvi, na zote mbili alipiga hendeli mara moja tu, injini ikaitika. Anania akalipeleka nyumbani kwa furaha. Kesho yake likagoma, na maziwa yakaokolewa tena na lori la jirani.

Lilipogoma tena siku iliyofuata, na lori likabeba maziwa tena, Zubery alisema neno ambalo baadaye lilimwuma. "Anania, gari hili halina ubovu. Wewe ndiye hujui kupiga hendeli."

Anania hakujibu kwa hasira. Alitazama chini, akasema, "Labda ni kweli, mzee. Lakini kesho lori la jirani halipo, na nikichelewa ndiyo mara ya tatu. Njoo uione mwenyewe pale nyumbani. Nikikosa hii kazi, nitawaambia nini wale wazee?"

Zubery hakuwa na mazoea ya kuwafuata wagonjwa makwao. Lakini uso wa yule bwana ulimshinda, akapanda naye jioni ile. Walifika giza limeshaingia, na Anania akalipeleka gari mahali pake mwenyewe. Damari, mke wa Anania, alimpa mgeni jogoo amchinje kwa mkono wake, maana alijua desturi za Waislamu. Akamwandalia ndizi na maziwa mgando, kisha chumba chenye blanketi tatu. Kwa baridi ile zilikuwa chache.

Saa kumi na moja, baada ya kusali, Zubery alitoka akamkuta Damari ameshakamua na Anania anafunga madebe.

"Haya, nionyeshe gari."

Anania akamwongoza hadi kwenye nyumba ndefu ya mianzi, akasukuma mlango. Joto likampiga Zubery usoni kama mvuke wa sufuria inayofunuliwa. Alisimama kizingitini. Ng'ombe tisa walikuwa wamelala safu moja, wakicheua, na pumzi zao zilipanda polepole kwenye mwanga wa taa mpaka darini. Katikati yao, pua ikiwa imeelekea mlangoni, lilikuwa gari. Limefunikwa shuka. Ndama mmoja alikuwa amelalia gurudumu la nyuma.

"Anania," akasema taratibu, "hapa ndipo linapolala?"

"Ndiyo, mzee. Si nilikwambia ndani? Kitu chenye thamani kwetu hulala na ng'ombe. Baba yangu alilala hapa, babu yangu alilala hapa. Ningeliacha nje kwenye baridi, na nimeuza ng'ombe wanne?"

Zubery hakucheka. Aliweka kiganja juu ya boneti. Huku mbele, upepo wa mlimani ulipenya kwenye nyufa za mlango wa mianzi, na chuma kilikuwa na baridi ya mauti. Huku nyuma kulikuwa na joto. Akapitisha kidole, kikatoka kimelowa.

Akafungua boneti, akakivuta kifuniko cheusi cha distributa, pale zinapokutana nyaya zote za plagi. Akakigeuza mbele ya taa. Ndani kulikuwa na matone. Madogo, safi, yamejipanga ukutani mwa kifuniko bila kuanguka. Akakileta puani. Kilinuka ng'ombe.

"Subhanallah," akanong'ona.

Maisha yake yote alipambana na kutu, mchanga, petroli chafu na wajinga, na hakujua kwamba pumzi ya mnyama aliyelala, kitu ambacho hata mkono hauwezi kukishika, inaweza kutembea usiku, ikaingia kwenye kikombe kilichofungwa, ikazima moto wa injini iliyovuka vita. Aliogopa kidogo, na hakuona haya kuogopa.

"Ni nini, mzee?" Anania akauliza.

"Ng'ombe wako wanapumua, ndugu yangu. Pumzi ikikutana na chuma baridi inageuka maji, na moto wa plagi haupiti kwenye maji. Pale kwangu gari lililala peke yake, kwenye baridi kavu, ndiyo maana liliwaka. Hapa ukilisukuma mteremko, upepo unalikausha kidogo kidogo. Wewe hendeli unaijua. Mimi ndiye niliyekukosea, na nakuomba radhi."

Anania alitazama ng'ombe, kisha gari, kisha ng'ombe tena. "Basi nilikuwa naliua kwa kulipenda."

"Umelitunza kama mlivyofundishwa kutunza. Lete kitambaa kikavu."

Lakini ndani ya nyumba ile hakukuwa na kitambaa kikavu. Shuka ilikuwa imelowa, kanga ya Damari ilikuwa na maziwa, na shati la Anania lilikuwa na umande. Mlimani kulianza kupambazuka. Zubery akainua mkono kichwani, akavua kofia ya viua, ile ambayo kwa miaka kumi na miwili haikuwahi kuonja tone la grisi. Damari akasema, "Baba, siyo hiyo!" Yeye tayari alikuwa anafuta, tone kwa tone, ndani ya kifuniko, kwenye nyaya, na kwenye vichwa vya plagi, mpaka viua vyeupe vikawa vyeusi.

"Piga," akasema.

Anania akashika hendeli. Midomo yake ilikuwa ikitembea, akiomba. Akazungusha mara moja. Injini ikanguruma, ng'ombe wote tisa wakainuka kwa kishindo, na ndama akatoka mbio mlangoni. Damari akapiga kigelegele, akakimbia kumfuata ndama huku anacheka na kulia.

"Ndaga fijo, mzee," Anania alimshukuru kwa lugha ya kwao, akaanza kupakia madebe. Maziwa yalifika hotelini saa moja kasoro dakika kumi.

Wiki ile Anania alilijengea gari banda lake la mianzi, mbali na ng'ombe, akalifunika blanketi kavu hata hivyo, kwa huruma. Zubery aliivaa ile kofia msikitini Ijumaa, na weusi wake haukutoka tena kamwe. Mama yake alipoiona akamgombeza kwamba ameiharibu. Zubery aliketi miguuni pake, akamsimulia yote kuanzia mlango wa mianzi. Alipomaliza, bibi yule akaishika ile kofia, akainusa, kisha akamvisha mwenyewe.

Na tangu hapo, mtu aliyemletea gari gumu kuwaka aliulizwa maswali mawili. La kwanza wote walilijua. La pili liliwachekesha vijana wa Mwanjelwa, lakini fundi aliliuliza kwa sauti ya chini, akiwa amevua kofia:

"Na limelala na nani?"